Chai ya mtandaoni, kidonge cha famasi, sindano au sahani yako: upunguze mwili kwa njia ipi?

Mama mmoja aliingia jioni moja kwenye famasi ninakofanya kazi, jasho linamtoka, mkoba ameukumbatia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nipime presha, kichwa kinaniuma siku ya tatu leo."

Mashine ikasoma 172 kwa 108. Akapumzika dakika 10, nikapima tena: 168 kwa 106. Nikamuuliza anatumia dawa gani.

"Dawa yoyote situmii. Nakunywa majani tu."

Majani yenyewe yalikuwa kapsuli za kijani ndani ya kopo jeupe, alizonunua kwa dada mmoja wa WhatsApp akaletewa na bodaboda. Kwenye lebo kulikuwa na picha ya kiuno kilichozungushiwa tepu ya fundi cherehani, majina ya mimea mitano, na maneno "asilimia 100 asili". Jina la kiwanda halikuwepo, wala anwani, wala namba ya toleo. Tarehe ya kuisha muda ilikuwa muhuri uliogongwa kombo; nilipoupitishia kidole ulifutika.

Alikuwa amepungua kilo 6 kwa mwezi mmoja na alikuwa na furaha nayo. Njaa, alisema, ilikatika siku ile ile ya kwanza. Ila mdomo unakauka, usingizi haupati, na akilala chali anausikia moyo kama mtu anatwanga kisamvu. Sikuwa na maabara pale dukani ya kuthibitisha kilichomo, lakini dalili zile kwa pamoja ni za dawa tunayoifahamu vizuri, na nitaieleza hapa chini. Nilimwomba aende hospitali usiku uleule.

Swali ninaloulizwa tangu wakati huo ni moja: basi tutumie nini? Wanaouliza si wajinga wala wavivu. Wengi wameshajaribu kufunga, kutembea, kuacha wali, na wamechoka kusikia mhudumu wa afya akiwaambia "punguza kula" mbele ya foleni nzima. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili yao.

## Njia zenyewe, na vipimo vya kuzipimia

Nalinganisha njia nne. Ya kwanza ni bidhaa za "asili" zinazouzwa mitandaoni, saluni na maofisini: chai, kahawa, kapsuli na unga wa kusafisha tumbo. Ya pili ni kidonge kilichosajiliwa, hasa orlistati. Ya tatu ni sindano za kila wiki, yaani semaglutaidi na nduguye tirzepataidi. Ya nne ni kubadili mlo na mwendo wa mwili. Puto la tumboni, ambalo Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wamekuwa wakiliweka, na upasuaji wa kupunguza tumbo ni mada inayojitegemea. Nitaigusa mwishoni tu.

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale. Je, unajua unachomeza? Inapunguza nini hasa, na kiasi gani? Inaweza kukudhuru vipi, ukizingatia dawa nyingine unazotumia? Inakugharimu nini? Na siku ukiacha, inakuwaje? Nitakaa zaidi kwenye swali la kwanza. Watu wengi hulirukia la pili, na kwa maoni yangu hapo ndipo madhara yanapoanzia.

## Unajua unachomeza?

Kwa bidhaa za mtandaoni, jibu la kweli ni kwamba hujui, na mara nyingi hata dada anayekuuzia hajui. Naye alinunua katoni kwa mtu, aliyenunua kwa mtu mwingine.

Jambo hili limepimwa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, huweka orodha ya bidhaa za virutubisho ilizozipima na kukuta zimechanganywa dawa ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Watafiti waliipitia orodha hiyo kwa miaka ya 2007 hadi 2016 na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Bidhaa zilikuwa 776, na kati yake 317 zilikuwa za kupunguza uzito. Katika hizo 317, sibutramini ilikutwa kwenye 269. Hiyo ni asilimia 84.9. Baadhi ya bidhaa zilikuwa na dawa ya siri zaidi ya moja.

Sibutramini iliwahi kuwa dawa halali. Marekani iliiruhusu mwaka 1997 na huko iliuzwa kwa jina la Meridia. Ulaya iliitwa Reductil. Hufanya kazi kwenye ubongo, mtu akashiba mapema na njaa ikapoa, lakini wakati huohuo hupandisha presha na kuongeza mapigo ya moyo. Mdomo kukauka na kukosa usingizi ni katika madhara yake yanayojulikana sana. Kisha ukaja utafiti mkubwa uliofuatilia watu karibu 10,000 wenye ugonjwa wa moyo, au kisukari na hatari ya moyo. Kwa waliopewa sibutramini, asilimia 11.4 walipata mshtuko wa moyo, kiharusi, moyo kusimama au kifo cha moyo. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ilikuwa asilimia 10. Ulaya ikaisimamisha Januari 2010, na Oktoba mwaka huohuo ikatoka kwenye soko la Marekani.

Fikiria jambo hilo kidogo. Dawa ile iliondolewa ilhali ilikuwa inaandikwa na daktari, kwa kipimo cha miligramu 10 au 15 kwa siku, na mgonjwa akifuatiliwa presha. Ikiingizwa kwenye kopo la "majani", kipimo hakiandikwi, presha haipimwi, na kapsuli ya leo si lazima ilingane na ya jana, kwa kuwa anayechanganya unga hana mashine ya kuugawa sawasawa. Kwenye baadhi ya bidhaa zilizopimwa, FDA ilikuta kiasi kinachozidi kile ambacho daktari angeruhusu.

Ya pili kwa kukutwa sana ni fenoftalini. Aliyesoma kemia sekondari anaikumbuka: ndiyo ile POP tuliyoidondosha kwenye flaski wakati wa titresheni, maji meupe yakageuka pinki. Kwa miaka mingi iliuzwa kama dawa ya kulainisha choo. Mwaka 1999 Marekani iliiondoa kwenye dawa hizo zinazouzwa bila cheti, baada ya majaribio kwa wanyama kuonyesha kwamba inaweza kuleta saratani. Leo inarudi ndani ya kapsuli za "kukata tumbo".

Nyingine zilizowahi kukutwa ni fluoksetini, ambayo ni dawa ya sonona. Furosemaidi, ya kukojoza. Propranololi, ya presha na mapigo ya moyo. Fenitoini, ya kifafa. Na rimonabanti, ambayo Ulaya iliisimamisha mwaka 2008 kwa sababu ya sonona na mawazo ya kujiua kwa watumiaji. Kwa nini mtu afanye hivi? Mimea peke yake haileti matokeo ya haraka, na biashara ya mtandaoni inaishi kwa shuhuda. Mteja asipopungua wiki ya kwanza hakutumii picha ya "kabla na baada". Unga wa dawa unamfanya apungue. Ndiyo sababu bidhaa ya "mimea tu" inayofanya kazi haraka ndiyo inayonitia hofu kuliko ile isiyofanya kazi kabisa.

Nisiwaonee wauza dawa za asili wote. Wapo waganga na watengenezaji waliosajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, waliopeleka dawa zao kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Usajili haumaanishi kwamba kila chupa imepimwa, lakini unamaanisha yupo mtu mwenye jina na anwani atakayeulizwa. Kopo la yule mama halikuwa na mtu wa kuulizwa.

Kidonge cha orlistati unakijua, ukinunua famasi yenye mfamasia na boksi lina namba ya usajili, namba ya toleo na karatasi ya maelezo ndani. Kiambata ni kimoja, kipimo kimeandikwa: miligramu 120, au 60 kwa ile nyepesi.

Sindano unaijua pia, kwa sharti kwamba ni ya kweli. Umaarufu wake umevuta wahalifu. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia zilizokutwa Brazili, Uingereza na Marekani. Mwaka 2023 Austria iliripoti watu waliolazwa hospitali kwa sukari kushuka vibaya na degedege baada ya kujidunga peni ya sindano iliyodhaniwa ni Ozempic, jina mojawapo la biashara la semaglutaidi. Dalili zao zilionyesha kwamba ndani huenda mlikuwa na insulini. Kwa hiyo sindano inayouzwa kwenye DM ya Instagram, iliyofika ikiwa ya uvuguvugu kwenye mfuko wa rambo, naihesabu kwenye kundi moja na lile kopo jeupe.

Chakula unakiona kwa macho. Hapa njia ya nne haina mpinzani.

## Inapunguza nini, na kiasi gani?

Matangazo ya "kilo 10 kwa siku 7" tuyapigie hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takribani kalori 7,700. Kilo 10 ni kalori 77,000, ukigawa kwa siku 7 ni 11,000 kila siku. Mtu mzima wa kawaida hutumia kama 2,000 hadi 2,500 kwa siku, kazi zake zote zikiwemo. Hata asipotia kitu mdomoni wiki nzima hafiki. Mzani ukishuka hivyo, kilichotoka kwa sehemu kubwa ni maji.

Na maji hutolewa kirahisi. Lita moja ni kilo moja. Chai nyingi za "tumbo bapa" zina sanamaki, na nyingine huandika wazi. Watu wa pwani wanaijua sanamaki tangu kwa mabibi: unakunywa usiku, asubuhi unakimbilia chooni. Kwa choo kigumu, siku chache, ni dawa nzuri. Lakini inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshasharabiwa kwenye utumbo mwembamba. Mafuta ya kiunoni haiyagusi. Unapoteza maji na chumvichumvi, hasa potasiamu ambayo moyo unaitegemea, unapima unafurahi, unakunywa maji ya siku mbili, kilo zinarudi. Dawa ya siri ya kukojoza hufanya vilevile kupitia kibofu.

Ikiwa kopo lina sibutramini, mafuta yatapungua kweli, maana mtu anakula kidogo. Nalisema wazi kwa sababu wateja wananiambia "lakini mbona nimepungua?" Umepungua. Ninachokuuliza ni kwa kutumia nini.

Orlistati huzuia sehemu ya mafuta ya chakula, kama theluthi moja kwa miligramu 120, yasiingie mwilini; yanatoka na choo. Ukijumlisha tafiti zake, kwa mwaka mmoja mtu hupungua karibu kilo 3 zaidi ya ambaye angepungua kwa mlo pekee. Si nyingi. Na kwa mtu ambaye kalori zake zinatoka kwenye ugali, soda na chapati za kukaanga kwa mafuta kidogo, itafanya kidogo zaidi, kwa kuwa wanga na sukari haivigusi.

Sindano ndiyo yenye nguvu kuliko zote kati ya hizi. Katika utafiti mkuu wa semaglutaidi ya miligramu 2.4, watu 1,961, wiki 68, waliodungwa dawa walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao; waliodungwa isiyo dawa walipungua asilimia 2.4. Kwa mtu wa kilo 100 hiyo ni kama kilo 15, na wote walikuwa wanashauriwa pia kuhusu mlo na mazoezi.

Mlo na mwendo huenda polepole. Katika mpango wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani, matokeo yake yakachapishwa 2002, watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari walishirikishwa. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa kasi au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Kwa kundi hilo, waliopata kisukari walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko kundi la kidonge kisicho na dawa. Kwa waliopewa metformini, ambayo ni dawa kamili ya kisukari, walikuwa pungufu kwa asilimia 31. Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 90 ni kilo 6 na kidogo. Marafiki wanaweza wasione tofauti kwenye picha, lakini mwili wenyewe unanufaika sana.

## Madhara, na dawa nyingine unazotumia

Dawa ya siri ina hatari ambayo dawa ya wazi haina: inagongana na dawa nyingine bila mtu kujua. Mgonjwa wa presha anameza vidonge vyake kila asubuhi, presha haishuki, daktari anaongeza dozi, kumbe kopo la nyumbani linaipandisha kwa upande mwingine. Mtu anayetumia dawa ya sonona au tramado, ile dawa ya maumivu, akiongezewa sibutramini, kemikali ya serotonini huweza kufurika mwilini: kutetemeka, homa, kuchanganyikiwa. Mwenye kisukari anayeharishwa kila usiku figo zake zinaumia. Na mwanamke anayetumia vidonge vya majira, akiharisha sana, kinga inaweza kupungua akashika mimba ambayo hakuipanga, huku bado anaendelea kumeza kisichojulikana.

Pia daktari wa dharura akiuliza "unatumia dawa gani?" mgonjwa anajibu kwa moyo mweupe, "hakuna". Yule mama hakunidanganya hata kidogo.

Orlistati madhara yake yanaudhi kuliko kutisha. Ukila chips mayai na mishkaki ya mafuta halafu ukaimeza, choo cha mafuta kinaweza kukutoka bila taarifa, hata kwenye daladala. Ukitumia muda mrefu unahitaji vitamini A, D, E na K, unazozimeza saa nyingine, labda wakati wa kulala. Inaweza kupunguza ufyonzwaji wa dawa ya tezi ya shingo, na mamlaka za dawa zimetahadharisha kuhusu ARV: anayetumia ARV asiianze bila kuzungumza na kliniki yake.

Sindano huleta kichefuchefu, kutapika, kufunga choo au kuharisha, hasa mwanzoni. Ndiyo maana huanzwa na miligramu 0.25 kwa wiki, ikaongezwa taratibu. Mara chache huleta kuvimba kongosho au mawe ya kwenye nyongo. Haifai kwa mjamzito, na anayepanga kupata mtoto aache semaglutaidi miezi miwili kabla. Mwenye aina fulani ya saratani ya tezi ya shingo kwenye ukoo asiiguse. Tirzepataidi nayo inaweza kudhoofisha vidonge vya majira, kwa hiyo tumia kinga nyingine kwa muda atakaokuambia daktari.

Mlo na mwendo una madhara machache, ila si sifuri. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari akikata chakula ghafla, sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Magoti yenye kilo 120 juu yake hayapendi kukimbia; kutembea au kuogelea kunayaonea huruma.

## Gharama, na siku ukiacha

Sitaandika bei, zinabadilika. Kopo la mtandaoni linaonekana rahisi mpaka uongeze kopo la pili, la tatu, na kitanda cha hospitali. Orlistati ni gharama ya kati, mara tatu kwa siku pamoja na chakula. Sindano ni ghali kwa mshahara wa kawaida, na peni ambazo hujafungua zinataka friji ya nyuzi 2 hadi 8. Kwenye mtaa ambao umeme unakatika siku nzima, hilo lifikirie kabla hujalipa. Mlo unaweza hata kukuokolea pesa. Soda moja ya kola ya mililita 350 ina sukari ya kama vijiko 9 vya chai. Anayekunywa mbili kwa siku ana pa kuanzia bila kununua chochote. Gharama ya njia hii ni muda na nyumba nzima kukubali, kwa sababu mama hawezi kujipikia mchicha pembeni huku watoto na baba wanasubiri maandazi aliyokanda yeye.

Ukiacha, uzito hurudi kwa njia zote nne, tofauti ni kasi. Kwa chai ya kuharisha, siku chache. Kwa semaglutaidi, waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walirudisha karibu theluthi mbili ya walichopoteza. Anayeianza ajiandae kuwa nayo muda mrefu, kama mtu wa presha na vidonge vyake. Kwa mlo, unarudi polepole kadiri mazoea ya zamani yanavyorudi. Si udhaifu wa mtu. Mwili ukipungua huongeza njaa kujaribu kurudi ulikokuwa.

## Kwa hali yako

Kama uzito wako umezidi kidogo, huna presha wala kisukari, na kinachokusumbua ni kitambi, anza na sahani na miguu kwa miezi mitatu. Nusu ya sahani mboga, robo ugali au wali, robo maharage, samaki au nyama. Tembea nusu saa siku tano za wiki. Pima kiuno kwa tepu mara moja kwa wiki. Kwa mwanamke zaidi ya sentimita 80, na kwa mwanaume zaidi ya 94, ni alama ya kupima sukari na presha.

Kama umejaribu hivyo kwa dhati na hujapungua, na mlo wako una mafuta mengi ambayo hujaweza kuyaacha, orlistati inaweza kukufaa. Hapa ongea na mfamasia na umtajie kila dawa unayotumia, ARV na vidonge vya majira vikiwemo. Usione aibu, kazi yetu ni kusikia hayo.

Kama uzito wako ukiugawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe unapata 30 au zaidi, au 27 na tayari una kisukari au presha, sindano ni mazungumzo halali na daktari, ikiwa unaweza kuilipia muda mrefu na una mahali pa kuihifadhi. Nunua kwa cheti, kwenye famasi, ukaone boksi likitolewa kwenye friji. Ukiwa na 40 au zaidi, uliza pia kuhusu puto na upasuaji.

Kama umejifungua na unanyonyesha, acha kapsuli, orlistati na sindano zote kwa sasa. Dawa ya siri inaweza kumfikia mtoto kwenye maziwa, na mtoto hana wa kumsemea. Kula vizuri, tembea na mtoto, upe mwili miezi.

Kama harusi au sendofu iko wiki sita mbele na gauni halifungi, najua presha ya ndugu na kamati, na najua namba ya simu ambayo shoga yako atakutumia. Kwa wiki sita, kuacha soda, juisi za sukari, maandazi na chips na kutembea kila siku kunaweza kutoa kilo mbili tatu za kweli. Zilizobaki mpe fundi, aachie mshono.

Kama unapenda dawa za asili na hutaki kuziacha, sikulaumu. Ila kabla ya kumeza, tafuta namba ya usajili, jina la mtengenezaji na mahali alipo, kisha uliza TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, au Baraza la Tiba Asili. Zanzibar uliza Wakala wa Chakula na Dawa, na Kenya uliza Bodi ya Famasia na Sumu. Muuzaji akikukasirikia kwa kuuliza, umeshapata jibu. Hakuna kipimo cha nyumbani, cha maji ya sabuni wala cha kuonja, kinachoweza kukuhakikishia kwamba kapsuli haina dawa.

Na kama tayari unatumia kopo la aina hii, acha leo, na kapime presha hata kama unajisikia mzima. Maumivu ya kifua, mkono au mguu kufa ganzi upande mmoja, kuzimia, kichwa kuuma kusiko kwa kawaida au moyo kwenda mbio bila kazi: hiyo ni hospitali sasa hivi, si kesho. Ukiwa unatumia dawa nyingine za kila siku, hizo usiziache bila kuuliza. Mwambie mfamasia au daktari akujazie fomu ya njano ya TMDA ya kuripoti madhara, maana kopo kama lako lipo mezani kwa mtu mwingine.

Kopo lenyewe usilitupe. Yule mama alitaka kulitumbukiza kwenye ndoo yetu ya taka, kwa hasira na kwa aibu. Nililiokota, nikalifunga kwenye mfuko safi, nikamrudishia mkobani, nikamwambia akifika alikabidhi kwa daktari kabla hata ya kukaa.